Harusi Tuliyoipokea kwa Nyundo

Jumamosi iliyopita vijana wa kanisa letu hapa Malvern, Johannesburg, walitundika shuka jeupe ukutani, wakatuonyesha filamu. Ilikuwa hadithi ya marafiki watatu wa mji mdogo wenye kiwanda cha sukari, watoto wa vibarua, wasiojua bado watafanya nini na maisha yao. Wanampenda msichana mmoja, wanaazimana suruali, wanapigana. Mwishoni mmoja anapanda basi na kuondoka, na hata sisi wazee tulijifuta macho. Lakini katikati kuna ugomvi wa baa. Viti vinavunjikia migongoni, mtu anapigwa chupa ya kichwa, mwingine anatupwa dirishani. Kesho yake asubuhi wote watatu wameketi ukingoni mwa mfereji, nyuso zimevimba, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Ukumbi mzima ulicheka nao.

Mimi sikucheka. Msichana wa kwaya aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa Kizulu kama filamu hainifurahishi. Watoto wetu waliozaliwa huku wanakielewa Kiswahili, lakini kukisema ni kazi.

"Inanifurahisha, mjukuu wangu," nikamjibu kwa Kiswahili.

"Sasa mbona hucheki? Ni mchezo tu, babu. Hakuna anayekufa."

Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Ndiyo haya ninayoyaandika.

Sisi pia tulikuwa watatu, wa mji mdogo wa reli kusini mwa Kongo. Baba zetu walikula jasho la reli. Baba yangu alifunga mabehewa siku zote za juma, na Jumapili alikuwa katekista. Rafiki yangu wa kwanza alikuwa mfupi, mcheshi, mtoto wa mpishi wa stesheni. Wa pili alikuwa mrefu, mabega kama mlango, na baba yake alisagwa na behewa kabla yeye hajaota meno. Alituzidi umri kidogo, kwa hiyo tulimwita yaya, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa.

Katika kambi ya wafanyakazi wa reli watoto hatukupigana ovyo. Kulikuwa na utaratibu. Wakubwa walikusanya mchanga, wakafanya vichuguu viwili mbele ya wagombanao. "Hili titi la mama yako. Hili titi la mama yake. Tuone mwanamume ni nani." Atakayekipiga teke kichuguu cha mwenzake amemtukana mama, na hapo hapana kurudi nyuma. Wengine walipigana ili waonekane. Yaya alipigana kweli, kwa sababu hakuwa na mzazi mwingine.

Namkumbuka mtoto wa mkuu wa stesheni aliyekirusha kichuguu cha mama wa yaya kwa ncha ya kiatu, tena kiatu kipya. Yaya alimwangusha, akamkalia kifuani, akampiga mpaka ngumi zikaanza kutoa sauti ya kitu kilicholowa. Tulimvuta mabega, hakuvutika. Ndipo mfupi akainama sikioni mwake, akasema kwa upole kama daktari:

"Yaya, huyu ameshakufa. Ukimuua mara ya pili hiyo ni dhambi nyingine."

Yaya alicheka. Sote tulicheka. Hata yule mtoto alicheka, akatema jino pamoja na damu, kisha akaanza kulitafuta mchangani. Kisa hicho kingekaa vizuri kwenye shuka la vijana wetu.

Reli ilipolala, treni zikawa za kuhesabika na mishahara ikawa hadithi, tuliondoka. Tulivuka mipaka kwa malori na kwa miguu, na Mungu alitufikisha Johannesburg sote watatu tukiwa hai. Ninamshukuru mpaka leo. Tulipata kazi kwa Mkongomani mwenzetu aliyekuwa na ua wa kunyoosha bodi za magari Jeppestown, kuta za matofali meusi kwa moshi, geti la chuma, chumba kimoja cha kulala juu ya gereji. Kunyoosha bodi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga nyundo upande wa nje, mwingine anaingiza mkono nyuma ya bati na kushikilia kipande cha chuma palepale nyundo inapoangukia. Anayeshika chuma haoni nyundo. Yaya alipiga, mfupi alishika, na siku nzima walikuwa wakitukanana kwa furaha kupitia bati la mlango wa gari la mtu.

"Yaya, umepiga kama bibi anayetwanga!"

"Toa kidole chako nimwonyeshe bibi."

Mwaka wetu wa pili, wakaja. Ilikuwa Jumapili mchana, nimerudi ibada, bado nimevaa koti. Kwanza tulisikia nyimbo, sauti nene za wanaume, filimbi, na fimbo zikigonga ngao. Walitoka upande wa hosteli, yale majumba marefu wanamokaa wanaume waliokuja kutafuta kazi kutoka mashamba ya Wazulu. Sisi tulidhani ni sherehe. Tulitoka kutazama, Mungu atusamehe ujinga wetu, na mfupi hata alipiga makofi kufuata wimbo.

Wakipiga kelele kwamba wageni turudi kwetu, walimtoa jirani yetu, fundi cherehani wa Burundi, kwa kumvuta miguu, kichwa kikigonga kila ngazi ya duka. Cherehani yake waliirusha kwenye kioo cha duka la pili. Mwanamke aliyekuwa akisukwa nywele alikimbia nusu kichwa kimesukwa, wakampiga rungu la mgongo, akaenda kwa magoti mpaka ukutani. Tulirudi ndani tukifunga geti. Mfupi ndiye aliyekuwa wa mwisho, mkono wake ukiwa bado kwenye komeo, na rungu likaushukia pale kwenye chuma. Nilisikia mifupa. Vidole vinne vilivunjika, na havikunyooka tena. Walipochoka na geti letu walichoma duka la fundi cherehani, wakaenda zao wakiimba nyimbo zilezile.

Mfupi alikaa sakafuni, mkono umefungwa kwa shati langu la kanisani.

"Bwana katekista mdogo," akaniambia huku meno yakigongana, "kwenye ibada ya leo waliombea nini hasa?"

Yaya hakucheka. Kuanzia siku hiyo aliacha kucheka. Kazini alipata mshikaji mwingine wa chuma, na hakumtukana hata mara moja. Alitundika ringi ya gurudumu kwenye boriti ya geti, kama kile kipande cha reli kilichopigwa kwetu kuita zamu, na akapita ua kwa ua kuwaambia mafundi wote wa mtaa: mkisikia ringi, tokeni na kilichoko mkononi. Safari hii tutawakuta barabarani. Watu walikubali. Fundi cherehani, ambaye sasa alishonea kwenye kona ya gereji yetu, alinoa mkasi wake mkubwa na kuulaza karibu na mguu.

Basi ikaja Jumamosi moja asubuhi, jua zuri, na nyimbo zikatoka tena upande wa hosteli.

Zilikuwa zilezile masikioni mwetu: sauti nene, filimbi, fimbo kwenye ngao, miguu ikikanyaga lami kwa pamoja. Fundi cherehani aliruka akaipiga ringi. Milango ya mtaa mzima ikafunguka. Wanaume walitoka na nyundo, spana, mabomba, mmoja ameshika jeki ya gari. Mimi nilikuwa na patasi. Yaya alikuwa mbele yetu wote, na alikuwa anakimbia.

Kwenye kona, kijana mmoja aliyevaa ngozi na manyoya alikuwa akiwatangulia wenzake, akirusha mguu juu ya kichwa, fimbo hewani, mdomo wazi kwa wimbo. Yaya alimpiga nyundo ya shavu, na alipoyumba akampiga nyingine juu ya sikio. Nilikuwa nyuma kidogo tu. Niliona damu ikiruka na kutua kwenye ngao nyeupe ya mtu mwingine, na yule kijana akaanguka kama nguo inayotoka kwenye kamba.

Ndipo nikaona mikeka.

Nyuma ya wanaume walikuja wanawake, wengi, wamebeba vichwani mikeka iliyoviringishwa na mablanketi mapya yaliyo bado kwenye nailoni. Katikati yao alisimama msichana chini ya mwavuli, uso umefunikwa kwa shanga. Hakuna anayekwenda kuua watu amebeba mablanketi. Walikuwa wakimsindikiza bibi harusi kwenye ua wa karamu, karibu na njia ya reli, na kijana aliyekuwa chini alikuwa kaka yake.

"Ni harusi!" nikapiga kelele. "Rudini! Ni harusi!"

Lakini kelele ya mtu mmoja haizuii mtaa. Wa kwetu wa nyuma walikuwa bado wanakuja, na wa kwao walikuwa wameshaelewa kwa namna yao. Fimbo zilizochezewa ngoma sasa zikafanya kazi nyingine. Nilivunjwa mbavu mbili. Mtu wa jeki alimpasua mtu goti, naye akapasuliwa paji la uso. Niliona fimbo ikimwingia fundi cherehani mdomoni. Yaya alisimama palepale mbele ya bibi harusi, nyundo imeanguka, mikono imening'inia, wakampiga watu watano au sita bila yeye kuinua hata kiwiko, mpaka alipolala. Wanawake ndio waliomaliza vita. Mama wa yule kijana alijitupa juu ya mwanawe, na wenzake wakakunjua mikeka ya harusi, wakamlaza kijana juu yake, wakampakia kwenye pikapu. Wanaume wao wakamfuata. Sisi tukamburuta yaya ndani.

Polisi walifika, wakauliza. Upande wetu hatukusema kitu, na upande wao pia hawakusema kitu. Hilo la pili ndilo lililotutisha zaidi.

Habari tulizipata kwa mlinzi mmoja wa duka, Mzulu mwenye gari aliloliacha kwetu linyooshwe. Taya limevunjika, fuvu limepata ufa, kijana yuko hospitali hajafungua macho. Mlinzi aliliinamia bati kana kwamba anakagua rangi, akasema kwa sauti ndogo: "Eish, baba. Hosteli wameshaamua. Kijana akifa, yule mrefu ni mali yao. Mwondoeni."

Watu wakaanza kuchanga mawazo. Kuna basi la Durban. Kuna binamu Cape Town. Yaya alikuwa amelala kwenye kiti cha gari tulichokitoa, jicho moja limefungwa kwa uvimbe.

"Siendi," akasema. "Nitakwenda hospitali kumtazama."

"Nenda," mfupi akamjibu. "Utapata kitanda bila foleni."

"Sitanii, ndugu yangu."

"Na mimi sitanii. Yaya, watu hao watakuua. Kisha sisi tutalazimika kuwa na hasira, na mimi nina mkono mmoja tu wa hasira."

Niliomba asubuhi ile kuliko nilivyopata kuomba. Jibu nililopata halikuwa la ajabu. Nilimkumbuka tu baba yangu. Kwetu mtu akimwaga damu, haendi mwenyewe na haandiki barua. Wazee wake hutangulia na mnyama mweupe, wanakaa chini nje ya nyumba waliyoikosea, hawaiti, hawabishi hodi, wanangoja waulizwe. Baba alinichukua safari moja kama hiyo nikiwa mdogo, tukakaa mavumbini mpaka jua likatuchoma masikio. Hapa Jeppestown hatukuwa na wazee. Wazee tulikuwa sisi.

Tulimnunua mbuzi mweupe kwa wale wanaouza mifugo kando ya barabara kuu nje ya jiji, tukampandisha kwenye teksi, yale mabasi madogo ya huku. Alikojoa kwenye kiatu cha abiria, akala ncha ya kitambaa cha mama mmoja. Mama akauliza, "Huyu anakwenda wapi?" Mfupi akajibu kwa Kizulu chake kibovu, "Anakwenda kuomba msamaha, mama. Amepigana harusini." Teksi nzima ilicheka, na mimi nilizishika mbavu zangu kwa maumivu.

Tulimwambia yaya abaki. Tulipoketi chini mbele ya geti la hosteli, mfupi, mimi na mbuzi, tukakuta ametufuata kwa mguu, anachechemea. Aliketi nyuma yetu. Wanaume walianza kukusanyika, na mmoja akamtambua. Jiwe la kwanza lilimpiga begani, la pili lilinipiga mimi shingoni. Mtu alikuja na kiboko cha ngozi, akamchapa yaya usoni mara moja, mara ya pili, ngozi ikafunguka kuanzia nyusi mpaka shavuni. Hatukuinuka. Sijui kama ulikuwa ujasiri. 

Kisha umati ukafunguka, akatoka mzee mmoja mwenye koti la kazini. Alikuwa baba wa bibi harusi, na baba wa kijana.

"Nani alimpiga mwanangu?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kusema "sisi." Yaya akasema, "Mimi, baba."

Mzee alimwendea, akaitwaa fimbo kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu, akampiga nayo juu ya kichwa kwa nguvu zake zote za uzee. Ikavunjika. Akabaki ameshika kipande, kifua kinapanda na kushuka.

"Kwa nini?"

Nilieleza kwa Kizulu changu cha kuokotaokota. Nilieleza Jumapili ile, ringi, nyimbo. Nikamwambia hatujui nyimbo zenu, baba, zote kwetu ni moja. Mfupi akauinua mkono wake wenye vidole vilivyopinda, safari hii bila utani. Mzee aliutazama mkono huo kwa muda mrefu. Wengine nyuma yake waliutazama pia, na mmoja wao akatazama chini.

"Mbuzi rudini naye," mzee akasema hatimaye. "Mwanangu hana taya la kumtafuna. Siku atakapoweza kutafuna nyama, nitawaita, mtamleta. Akifa, mchinjeni wenyewe. Atawafaa kwenye matanga."

Tukarudi naye Jeppestown. Aliishi kati ya magari yaliyopondeka, akilala juu ya boneti zenye joto. Mfupi alimletea majani ya kabichi kutoka sokoni, na yaya, ambaye nusu ya uso wake ilikuwa nyuzi, alimchotea maji kila asubuhi kabla hajanawa mwenyewe. Kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya geti tuliacha nyundo tukasikiliza. Mara mbili vijana wa hosteli walikuja wakasimama ng'ambo ya barabara, wakimtazama yaya, na mmoja akajipitishia kidole shingoni. Watu waliendelea kumshauri akimbie. Yaya alijibu kwamba mbuzi huyu hawezi kupanda basi la Durban.

Mlinzi wa duka alituletea habari kidogo kidogo. Amefungua macho. Amemtambua mama yake. Homa imerudi. Homa imeshuka. Sikio moja halisikii. Taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Nilizipokea habari zile kama mtu anayeshuka ngazi za giza, nikitoa shukrani kwa kila ngazi iliyokuwepo chini ya mguu.

Baridi ilikuwa imeingia walipokuja wanaume wawili getini. Hawakuingia. "Mzee anasema mlete," wakasema.

Mbuzi alichinjwa uani kwa hosteli. Walitupaka nyongo yake viganjani, ndiyo desturi yao ya kupatana, yaya kwanza, na mtu aliyempaka ndiye aliyemchapa kiboko. Nyama ilichomwa kwenye makaa ndani ya pipa lililokatwa. Tuliketi duara, wao upande wao, sisi upande wetu. Kijana alikuwa kati ya baba na mama, amekonda, kichwa kimeota nywele pembeni mwa kovu. Hakumtazama yaya. Baba yake alikata kipande cha ini, laini, akakiweka mbele yake kwenye ubao.

Hapakuwa na mtu aliyegusa chakula. Kijana alikitia mdomoni, akaanza kutafuna kwa upande mmoja, polepole, taya likienda kombo. Chozi lilimtoka kwa maumivu, akalifuta kwa mkono wa shati. Aliendelea kutafuna. Kando yangu niliona mdomo wa yaya ukitafuna pamoja naye bila kitu ndani. Mama wa kijana alikuwa ameshika blanketi lake kwa mikono yote miwili. Hatimaye koo la kijana likapanda, likashuka.

Akamtazama yaya kwa mara ya kwanza.

"Mbuzi wako mgumu," akasema kwa taya lake la kombo. "Mlimlisha vyuma?"

"Kabichi," yaya akajibu. "Kabichi tu, ndugu yangu."

Mzee akavuta ubao, akakata mapande makubwa, akausukuma upande wetu.

"Kuleni," akasema.